Nilimwaga Dawa za Mdogo Wangu Kwa Sababu Aliungua

Mimi ndiye niliyekosa. Nimechoka kuwaambia watu ati ilikuwa kazi ya Mungu.

Nilikuwa nakaa Kabiro, Kawangware, chumba kimoja na mdogo wangu. Huyo msichana alikuwa na kifafa tangu shule. Nilimtoa nyumbani Bungoma nikampeleka kliniki, akapewa tembe za kumeza kila jioni. Miezi mitano hakuanguka. Akapata kazi ya kushona yunifomu, hata mchumba akapata, seremala wa Kibera.

Halafu siku moja akaanguka, na akaangukia jiko. Mkono ukaungua mpaka kiwiko.

Sasa kwetu tunajua hivi: mwenye kifafa akishaguswa na moto, basi, haponi tena. Mama mwenye ploti tuliyopanga akasema hata kwao ni hivyo hivyo. Kama kwetu na kwao wamekubaliana, mimi ni nani nibishe?

Mdogo wangu alilia. "Dada, nipe tu dawa yangu. Ilikuwa inanisaidia."

"Ya nini tena, na moto umeshakuona?" Nikamwaga tembe zote chooni, yeye akiangalia.

Siku ya tatu asubuhi akaanguka. Kabla hajazinduka kifafa kikamshika tena, na tena, na tena. Ole wangu! Majirani walisimama mlangoni, wanaogopa kumshika. Tulimpeleka hospitali na mkokoteni.

Daktari aliniuliza polepole, "Mama, kilichoungua ni mkono. Dawa ilikuwa ya kichwa. Mbona ukaikata ghafla? Ungekuja tungeongeza kidogo tu."

Aliamka baada ya siku nyingi, lakini hakuwa yule. Mguu mmoja anaburuta. Sindano hawezi kushika, na maneno hayaji. Seremala alikuja mara mbili, akaacha, na simlaumu.

Siku hizi anameza tembe zilezile, mimi ndiye namwekea mkononi. Mwaka wa pili huu hajaanguka. Hapo ndipo panaponiuma, kumbe zilikuwa zinamfaa.

Wewe mwenye mgonjwa, akiungua mtibu kidonda, na jioni hiyo hiyo mpe dawa yake. Akianguka tena, rudi kliniki. Usiende kuuliza watu wa ploti kama mimi. Wa kuulizwa alikuwa mdogo wangu mwenyewe, amekaa hapo mbele yangu, bado anaongea vizuri, na alisema anataka dawa.