Majibu ya Damu ya Binti Yangu

Nilikuwa nimefundisha biolojia miaka kumi na moja hapa Tabora kabla somo lenyewe halijaingia nyumbani kwangu. Kila mwaka niliwaeleza wanafunzi kwamba DNA ya seli moja, ikinyooshwa, hufika kama mita mbili. Inaenea ndani ya kiini kwa sababu imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani kwenye bobini. Palipobana sana, maelekezo hayasomeki. Waliandika, wakafaulu, wakasahau.

Binti yangu alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na kusema hakusema. Hospitali ya Kitete walitupa rufaa ya Dar es Salaam, na damu yetu watatu ikapelekwa nje kupimwa. Baada ya miezi mingi daktari alituketisha, akaeleza kwamba protini mojawapo inayosaidia kulegeza ule ufungaji haifanyi kazi sawasawa kwa mtoto. Kasoro hiyo haikuwa kwangu wala kwa mume wangu; ilizuka kwa mtoto mwenyewe.

“Hamkumpa ninyi,” alisema.

Nilirudi na ile karatasi kama mtu aliyeshinda kesi. Mama mkwe, aliyekuwa Bukene, alikuwa ameshatangaza kwamba damu ya kwetu ni mbaya. Jumapili moja baada ya ibada tukaenda kwake. Nilipiga goti, nikamwamkia, nikamweleza yote kwa Kinyamwezi changu kibovu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu, wewe mwalimu, hukosi la kusema. Ila kwetu hajawahi kuzaliwa mtoto wa hivi.”

Nilimtazama mume wangu. Alikuwepo kwa daktari, alisikia kila neno. Alikuwa akikwangua tope kwenye kiatu chake.

Njiani nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Alijibu kwamba mama ni mama.

Mwaka uliofuata alihamia Nzega, akaoa. Wamepata mtoto wa kiume, mzima kabisa. Watu walifunga safari kuja kuniambia. Sasa naambiwa kule wanamtaja huyo mtoto kuwa ndio ushahidi.

Mada ile bado naifundisha, bila kuinua macho kutoka kwenye kitabu. Binti yangu ana miaka tisa na maneno kama ishirini. Mojawapo ni “baba”. Sikumfundisha mimi. Humwita hivyo mwanamume yeyote anayepita mbele ya nyumba na baiskeli, na wengi wao huitika.