Ukuta wa Mto Wetu, Matinyani

Mgongo wangu umechoka. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la nguo hapa Mwingi miaka mingi, mpaka siku hizi hata nikikaa unauma vilevile. Mwezi uliopita daktari aliniambia nitafute mahali pa kuogelea, kwa sababu maji yatanibebea uzito ambao mifupa imekataa. Kisha akaniuliza kwa upole kama najua kuogelea.

"Najua," nikamwambia.

"Ulijifunzia Mombasa?"

"Hapana. Matinyani."

Akacheka kidogo, akaendelea kuandika dawa. Sikumlaumu. Ukipita kwetu wakati wa kiangazi ukaona mto umekuwa barabara ya mchanga, punda wamepanga foleni kwenye shimo la maji, huwezi kuamini kuna mtu aliwahi kuogelea pale. Lakini tuliogelea, rafiki yangu, na si sisi watoto peke yetu.

Nililelewa na nyanya, ambaye sisi Wakamba humwita susu. Nilikuwa darasa la nne wakati akina mama wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, walipoanza kujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto. Walifanya kazi hiyo kiangazi chote. Ukitoka shule ulisikia nyundo zikigonga mawe kabla hujaona mtu, na harufu ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, uliochemkia kwenye pipa lililokatwa nusu ilikufikia njiani. Ulikula kwanza, kisha ulipewa karai ubebe mawe. Susu alikuwa mpasua mawe. Jioni alirudi na vumbi jeupe kwenye nyusi, akalala bila kumaliza sala.

Katika kikundi kile alikuwepo jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Mombasa baada ya kufanya kazi za nyumbani huko miaka mingi. Karibu na nyumba ya mwajiri wake palikuwa na mahali pa kuogelea baharini: ngazi za mawe zilizoshuka hadi majini, na chuma cha kushikilia pembeni. Alasiri wanawake wa mtaa waliteremka pale na nguo zao, wakaoga, wakaongea. Yeye alijifunzia hapo. Ukuta wetu ulipofika kifuani, alimwambia fundi aweke ngazi upande wa ndani.

"Mama, huu ni ukuta wa mto," fundi akasema. "Ngazi za nini?"

"Mtu akianguka ndani, atatokea wapi?"

Fundi akachukua mwiko wake. Akaweka ngazi saba.

Mvua za Novemba zikaja na mafuriko mekundu, na yalipopungua, nyuma ya ukuta palibaki kidimbwi kirefu kuliko mtu mzima. Jirani alianza kutufundisha wasichana siku ya Jumamosi, tukishamaliza kukoboa mahindi na kufua. Aliingia na gauni kuukuu, akatushika tumboni kwa kiganja kimoja na kutuambia tupige miguu. Somo lake la kwanza lilikuwa kwamba anayezama hashikwi kwa mikono, maana atakuvuta chini. Mpe kitu kinachoelea, alisema, na wewe ukae mbali.

Susu hakupenda. "Maji hayana tawi la kushika," aliniambia, na kanisani kuna waliosema kwamba wasichana kulowana mbele za watu si adabu. Nilikwenda kwa kujiiba. Nikirudi nilijipaka mafuta mengi ili ngozi iliyopauka kwa maji isinisaliti.

Kisha ikafika siku ambayo susu mwenyewe alianguka. Ilikuwa asubuhi ya likizo, tulikuwa wawili tu. Aliinama ukingoni kujaza mtungi wake wa plastiki, udongo ukamomonyoka, akaenda nao majini. Hakupiga kelele. Nilichoona ni kitambaa chake cha kichwa kikiibuka na kuzama, na mikono ikitafuta. Jirani alikuwa ameenda sokoni. Nilichukua mtungi wangu uliokuwa bado mtupu, nikafunga kifuniko, nikaruka nao.

"Shika mtungi, susu. Usinishike mimi. Shika mtungi."

Aliukumbatia kama mtoto. Mimi nikashika kishikio kwa mkono mmoja, nikapiga miguu kuelekea kwenye ngazi, na mpaka leo sijui safari ile fupi ilichukua muda gani. Alipokanyaga jiwe alikaa, akakohoa maji, akatafuta ndara yake kwa macho. Nilikuwa nangoja kuchapwa.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

Nikamwambia. Akainuka, akabeba mtungi, tukarudi nyumbani.

Jumamosi iliyofuata alikuja mtoni amevaa gauni la shamba, akaketi kwenye ngazi, maji magotini, akamwambia jirani, "Nifundishe kutokufa. Hayo mengine ni ya watoto."

Hakuwahi kuogelea vizuri. Alichojifunza ni kuelea chali. Jirani alimshika chini ya mabega kwa wiki kadhaa, na siku moja akaondoa mikono, na susu akabaki pale juu ya maji, kitambaa kichwani, macho yametazama mawingu. Alikaa hivyo muda mrefu hadi tukaingiwa na wasiwasi. Alipotoka alisema, "Sijawahi kulala mchana tangu niolewe."

Baada yake wakaja wengine, wale wapasua mawe, mmoja mmoja, kwanza kwa aibu. Hata mke wa mchungaji alikuja. Walielea pale na magauni yao yamefura, wakiongea polepole kuhusu mbaazi na watoto, na wakati mwingine hawakuongea kabisa.

Kila mvua ilileta mchanga. Tuliona ngazi zikifunikwa kutoka chini, na msimu wa nne kidimbwi kilikuwa cha kuosha miguu tu. Nililia. Jirani aliniambia kwamba ukuta ulijengwa kwa ajili hiyo hasa, ujae mchanga, mchanga utunze maji tuyachote kiangazi; wakubwa wote walijua tangu mwanzo. Na ni kweli, kwa miaka mingi baadaye tulifukua kidogo tu tukapata maji safi. Jirani alihamia kwa binti yake aliyeolewa Kasikeu, akafia huko. Susu naye alikufa mwaka uliofuata, kitandani mwake.

Halafu malori ya kubeba mchanga wa ujenzi yakaja. Yalichota juu ya ukuta na chini yake, mpaka mto ukatafuta njia pembeni, ukauacha ukuta umesimama peke yake shambani. Siku hizi kuna mfereji wa bomba kijijini, maji yanatoka siku mbili kwa wiki, na kina mama hupanga mitungi tangu alfajiri. Siwezi kusema yalikuwa maisha mepesi wakati ule, maana mawe yale yalipasuliwa kwa mikono. Lakini nikienda nyumbani nawaona wanawake wa rika langu wakitoka foleni wanaingia shambani, wakitoka shamba wanaenda kwa mgonjwa, na najaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho niliwaona pamoja, mchana, hawafanyi lolote. Sikumbuki.