Jina Ambalo Kokoo Hakulitaja

Redio kuukuu ikipata moto na vumbi lililomo ndani likaanza kuungua, mimi hurudi Gilgil ya miaka ya hamsini, kwenye shamba la mzungu ambako baba alichunga ng'ombe. Mashine ya kunasa sauti ilinuka hivyo hivyo. Aliileta bwana mmoja kutoka Nakuru aliyezunguka akirekodi habari za wazee. Aliiunganisha na betri ya gari lake, akamketisha bibi yangu kwenye kigoda. Tulimwita Kokoo, kama sisi Wamaasai tunavyowaita bibi zetu.

Nilifurahi mno. Babu alikufa kabla sijazaliwa, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kunitajia jina lake, hata baba. Leo, nikajiambia, hii mashine italitoa tu.

Na Kokoo alivyojua kusimulia! Alieleza walivyohamishwa pamoja na mifugo yao, akataja rangi ya kila ng'ombe mpaka yule bwana akapiga miayo. Kisha bwana akauliza.

"Mama, bwana yako alikuwa anaitwa nani?"

"Ni ule alikuwa anachunga hapa mbele mzungu aweke waya."

"Sawa, lakini jina?"

"Si nimekwambia? Ni baba ya watoto yangu."

Walizungushana hivyo mpaka betri ikaisha nguvu. Bwana akakunja nyaya zake huku amenuna. "Huyu mama amesahau," akamwambia dereva wake. Amesahau! Mtu aliyekumbuka hadi ndama waliofia njiani! Lakini nami nilimkasirikia Kokoo. Siku hiyo nilikataa hata maziwa, nikiamini ananinyima makusudi.

Kwetu jina la aliyekufa halitamkwi. Nilielezwa hivyo nikiwa mkubwa, na sitawaficha, maelezo hayo hayakunipoza moyo. Wote waliolijua jina la babu wamekufa nalo. Nimeuliza kila kona nikachoka.

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike, yuko chuo, aliniwekea simu mbele anirekodi. Akaniomba nitaje jina la marehemu mume wangu. Analijua, ila alitaka kulisikia kwa sauti yangu. Nilikuwa tayari kabisa. Nikafungua mdomo, jina likagoma kooni. Nikajaribu tena. Mtoto wa watu anangoja, simu inanasa kimya changu, nami machozi yananitoka kwa hasira. Kumbe Kokoo hakuwa ananinyima. Hakuweza.