Vumbi la Fundi Betri

Fundi betri alikufa, lakini uani kwake hakuondoka. Ndivyo alivyosema mjane wake kila asubuhi akimaliza kufagia: "Baba yenu kapita hapa. Husikii moshi wake?" Binti yake, mpimaji wa maabara, alitabasamu tu, akaanua koti lake jeupe kambani na kwenda kazini.

Zamani, kabla watu hawajazoea kutupa kila kitu, betri ya gari ikichoka ilipelekwa kwa fundi huyo. Aliifungua, akayeyusha bamba zake juu ya moto wa mkaa, akamimina nyingine, na gari likanguruma tena. Watu walimwamkia kwa heshima. Leo betri inatupwa mtaroni, na aliyeitupa anajiita mstaarabu. Kwa moto ule ule fundi alimsomesha binti yake, hadi akaajiriwa kupima madini mazito katika maji ya mto na udongo wa mashamba.

Kazi hiyo ina sharti lake. Kabla ya sampuli yoyote unapima sampuli tupu: maji safi na tindikali kidogo, basi. Mashine ikiona kitu humo, uchafu umetoka maabara yenyewe, na kazi ya siku nzima ni bure. Sampuli tupu za binti huyu hazikukosa risasi, yale madini laini ya bamba za betri.

"Dada, wewe una jini," mwenzake wa mizani alimtania. "Nikipima mimi, safi. Ukisogea wewe tu, mashine inapagawa."

"Jini unalo wewe, na hiyo mikono yako ya mafuta."

"Mashine inaipenda mikono yangu. Iulize."

Alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Aliosha upya chupa zote, akabadilisha glavu, akafuta meza mpaka ikang'aa. Risasi haikubanduka, kama mtu anayekufuata pekupeku.

Nyumbani kulikuwa na jambo zito zaidi. Mwanawe wa kike, Kadogo, alikuwa anakaribia miaka mitatu bila kutamka hata "mama".

"Ataongea tu," bibi yake alisema. "Hata marehemu mdogo wako alichelewa."

Marehemu huyo alichukuliwa na degedege angali mtoto. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Siku moja koti lilikuwa bado bichi kambani, akaazima la mwenzake. Sampuli tupu ikatoka safi kabisa.

"Umeona? Jini limelikimbia koti langu!" mwenzake akapiga makofi.

 Kesho yake binti alikata kipande cha upindo wa koti lake, akakiloweka kwenye tindikali, akapima. Risasi ikapanda. Akachota nyumbani udongo wa chini ya kamba ya nguo, akaupima pia. Huo ulikuwa na risasi nyingi hivi kwamba ilibidi auzimue tena na tena ndipo mashine iweze kuusoma.  Pale chini ya kamba ndipo Kadogo aliposhinda akicheza na kulamba vidole.

Alirudi nyumbani mbio, akamwogesha mtoto, akamvika nguo mpya za dukani.

"Mama, tunahama leo. Kadogo nampeleka hospitali akapimwe damu. Na wewe twende."

"Kuna nini?"

"Moshi wa baba ulitua ardhini, haukwenda popote. Ukifagia, unauinua. Unatua kwenye nguo, kwenye sahani, kwenye vidole vya mtoto. Una risasi, sumu inayomchelewesha mtoto kusema na kumletea degedege."

"Unamsingizia marehemu? Moshi huo ndio uliokusomesha!"

"Najua, mama."

Mama alitazama ufagio mkononi mwake. Sauti yake ikashuka. "Na mdogo wako, je?"

 Binti alimweka mtoto begani.

"Nendeni," mama alisema hatimaye. "Mimi nikiondoka, nani atakaa naye?"

Binti alipogeuka getini, mama alikuwa ameuweka ufagio chini. Alikuwa akimwaga maji uani, ndoo kwa ndoo, taratibu, kama anayeosha maiti. Ardhi ikalowa, na kutoka humo ikapanda harufu ya moshi ya miaka ile. Kadogo akainua kichwa. Akapunga mkono, si kwa bibi yake, bali kwa ile kona palipokuwa na moto wa mkaa wa babu yake, ambapo hapakuwa na mtu.