Saa ya Mama Kwenye Mkono wa Kuol

Pale sokoni Gurei, mtaa wa Juba, mkono wa kushoto wa Kuol mchinjaji uliangusha ng'ombe asubuhi na watu mchana. Mama yake alipofariki alimwachia saa yake ndogo ya zamani, ya kutia ufunguo, aliyoivaa alipokimbia vita, akaishi nayo kambini Kakuma na kurudi nayo Juba. Kuol akaivaa. Juu ya mkono ule ilionekana kama punje ya mahindi, na mwanzoni ilimkera kama kupe.

Sasa kabla ya kumpiga mtu ilibidi kwanza aivue. Mkanda wake mwembamba uliteleza kwenye vidole vinene vilivyojaa mafuta, na mpaka aufungue, mtu wake ameshatokomea. Wauza mboga wakasema marehemu bado anamlea mwanawe.

Ndipo Majok, muuza ngozi waliyekua naye Kakuma, alipomwambia mbele ya wateja, "Hiyo ni saa ya kike, bana. Mamako alihongwa na askari gani?"

Kuol hakugusa mkanda. Alimtandika ngumi moja ya uso, meno yakadondokea kwenye karai la matumbo, na Majok akayafuata. Kuol akainua mkono amwongeze. Hapo akaona kioo kimepasuka na mishale imesimama.

Risasi, njaa na miaka ya kambi vilishindwa kuisimamisha saa ile. Mwanawe aliimaliza kwa ngumi moja, akimtetea mama yake.