Ua la Mama Nililolizika Ndooni

Laiti ningemkatalia mdogo wangu Ferdinand siku ile alipotaka tumwage simenti uani kwetu. Gari lake lilikuwa likikwama matopeni kila mvua, na mti wa masuku, yale matunda matamu ya porini, ulisimama katikati ya njia. Mimi ndiye mkubwa, neno langu ndilo lililongojwa. Nikasema sawa, ukatwe.

Juu ya mti huo ndipo lilipoishi ua la mama. Tulipokuwa wadogo, hapa hapa Lubumbashi, mama na wenzake walikwenda porini kuchimba kikanda, vile viazi vidogo vinavyotwangwa na kupikwa pamoja na karanga hadi vigande kama mkate. Siku moja alirudi na kikapu kimejaa, na juu yake ua la okidi alilolibandua kwenye gogo la wachoma makala, yaani mkaa. Akalifunga mtini kwa kamba ya gome.

Enzi hizo michezo ya uani ndiyo iliyokuwa televisheni yetu. Tulicheza mpira wa matambara, tukala bukari, ugali wetu, na ndagala, wale dagaa wakavu, katika sinia moja, tukagombania kikanda kingali moto, pilipili ikituchoma midomo. Mama alilimwagia ua lake maji aliyooshea mchele, akilisemesha polepole kama mgeni aliyefika jana. Mpira ukiligonga, tulichapwa wote, hata aliyekuwa golini.

Sekondari mwalimu akatufundisha kwamba kikanda na ua lile ni vya ukoo mmoja. Elimu hiyo ndiyo iliyoniponza. Mti ulipokatwa niliwaza: kikanda huchimbwa ardhini, basi na ndugu yake atapenda ardhi. Nikalizika ua ndani ya ndoo ya rangi, nikashindilia udongo. Mama, ambaye tayari alikuwa mzee sana, alinitazama.

"Ile haiko ya mu budongo," alisema. "Ukiizika, itakufa."

Nikamjibu kwamba mambo hayo niliyasoma shuleni.

Tangu hapo mama, aliyezoea kukaa chini ya mti ule, hakuwa na pa kuweka kiti chake. Simenti ilipata moto mapema, akawa anahama na kivuli cha ukuta. Mwishowe aliomba apelekwe Mitwaba kwa dada yetu. Alisema anakwenda kutembea tu. Mimi niliimwagilia ndoo siku za kwanza, kisha nikasahau.

Mwaka jana niliikuta nyuma ya choo, ua limebaki na jani moja. Nikalitoa. Mizizi iliyooza niliikata, ile migumu nikaiacha. Nikaosha vipande vikubwa vya makala, nikalifunga juu yake, nikalitundika barazani linapofika jua la asubuhi. Wali ukipikwa, niliomba maji ya kuoshea mchele. Wajukuu zangu, ambao hawawezi kutofautisha jani la sombe, yaani la muhogo, na la matembele mpaka simu iwaambie, walinicheka.

"Nkambo, iyo maua iko na réseau?" mmoja aliniuliza, akimaanisha mtandao wa simu. "Unaiangalia kupita vile sisi tunaangalia telefone."

Nilicheka nao, lakini nilijua ninachongoja. Likichanua, mama atarudi.

Limechanua mvua hizi, maua madogo meupe yanayonukia jioni. Nikatuma picha. Dada akamwonyesha mama, kisha akampa simu.

"Maua iko muzuri, mutoto yangu," mama alisema. "Lakini miye siko maua ya kutoa na kurudisha."

Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama ninakula vizuri.

Enzi zetu, ukitoka shule ukaita mama, aliitika kabla hujafika mlangoni, na hatukujua kwamba hiyo ni mali. Siku hizi nyumba yetu ni safi, magari yanaingia bila kukwama, na watoto ni wengi kuliko tulivyokuwa sisi. Mama hayumo, wala hatarudi. Nilikubali jambo ambalo ningeweza kulikataa, na limenigharimu uzee wa mama yangu: dada ndiye anayempikia uji, mimi namsikia kwenye simu.