Ukuta wa Mama Tulioukwangua

Nianze na kosa, juu nikizungukazunguka nitatafuta mutu wa kumutupia, na hapana mwingine: ni miye. Miye mwalimu, miye mwenye kujua kuandika barua, njo niliharibu sale ya kijiji chetu.

Sale, tunaita hivyo ile nyumba kubwa ya batu bote, iko kwenye kilima kwetu, kati ya Butembo na Beni. Bakatoliki na Baprotestanti baliijenga pamoja, jambo ambalo hata leo linashangaza. Babaume balichoma matofali. Bamama njo balipaka kuta. Kila mama alipewa kipande chake, na udongo hapana kuchota popote tu, aka! Kila mumoja aliutoa kwenye shamba lake mwenyewe. Donc ukuta ulikuwa na rangi za mashamba yetu yote: huku mwekundu, huku wa kahawia, pale mweusi wa bondeni. Kipande kikipasuka, mwenyewe alirudi kukipaka; akifa, binti yake. Ungeingia mule ungetambua kijiji kizima, hata yule muvivu wa kuponda udongo.

Kipande cha mama yangu kilikuwa karibu na dirisha la nyuma, udongo mwekundu wa shamba letu la mihogo. Miye mutoto nilimuletea maji. Alipaka kwa kiganja, hakutaka mwiko, na vidole vyake viliacha mistari.

"Mama, inabaki na mistari," nikamuambia.

"Acha ibaki. Kwani ni meza hii?"

Mule ndani tulicheza ngoma za ndoa na tulilia matanga. Bakimbizi ba upande wa Beni balilala mule, tukabapikia. Halafu vita ikafika mpaka kwetu. Asubuhi moja mama alienda shambani, hakurudi. Tulitafuta, hatukupata hata kitambaa chake cha kichwa. Hapana mwili, hapana kaburi. Mwezi wa kumi na moja, batu bengine banapeleka maua kwenye makaburi ya bafu babo. Baba yangu hakuwa na pa kuyapeleka.

Donc kila siku ya Mungu, misa ikiisha, alikuwaka anaingia kwenye sale, anavuta benchi mpaka pale dirishani, anaweka mukono juu ya ile mistari na kumupa mama habari za wiki. Mbuzi amezaa. Mujukuu amefaulu. Alisema kwa sauti, bila haya, na batu balimuachia nafasi.

Paa likaanza kuvuja. Nikasikia kuna bureau inayoandikisha nyumba za zamani kuwa urithi, patrimoine, ili zitengenezwe. Nikiwa kwangu Butembo, mutaa wa Vulamba, niliandika barua ndefu, nikaeleza zile kuta za bamama. Jibu likaja: mugeni atafika kuziangalia. Wee! Tulipiga vigelegele.

Sasa, kwetu mugeni haingii nyumba chafu. Mugeni njoo, mwenyeji apone, mais mwenyeji anafagia kwanza. Parokia ilikuwa na simenti iliyobaki. Bamama bakaniuliza, "Mwalimu, kweli tutamuonyesha mugeni udongo umepasukapasuka hivi?" Na miye, na masomo yangu yote, nikajibu, "Hapana. Tukwangue, tupake simenti."

Baba alikuwa Beni, mutaa wa Ruwenzori, kwa dada yangu, anatibiwa macho. Hapana mutu alimuuliza. Kipande cha mama nilikikwangua miye mwenyewe. Nilifikiri: nitaandika jina lake palepale, baba apate kitu cha kudumu. Simenti ikiwa bado mbichi, nikaliandika kwa musumari, herufi nzuri za ubaoni. Mupumbavu miye! Nikikumbuka, natamani kujipiga makofi.

Mugeni alifika, mama mumoja mupole mwenye daftari. Alizunguka, akagusa simenti, akafungua barua yangu.

"Mwalimu, kuta za bamama ziko wapi?"

Nikamuonyesha. Akakunja barua, akasema, "Zile njo zilikuwa urithi wenyewe." Alikula bugali na kuku wetu, akashukuru, akaenda. Kwenye daftari hakuandika kitu.

Aibu hiyo ningeimeza. Mais baba akarudi kutoka Beni. Siku ya Mungu, misa ilipoisha, akavuta benchi. Mukono wake ukapanda ukutani, ukashuka, ukasogea kuelekea dirisha, ukarudi.

"Papa," nikasema, "tulipaka simenti. Jina lake niliandika, iko hapa." Nikashika kidole chake, nikakipitisha kwenye herufi. Baba hakuingia shule hata siku moja. Alifuata herufi moja moja kwa adabu mpaka ya mwisho.

"Iko safi," akasema. Akanishukuru kwa luga yetu, "Wasingya, aksanti."

Nilitamani anitukane. Angenipiga ningeshukuru. Alikaa tu pale, mikono kwenye magoti, na hapana habari hata moja aliyosema.

Halafu akaniita, "Mama." Ananiitaka hivyo juu nilipewa jina la mama yake. "Mama, na ule udongo, muliutupa wapi?"

Nilitaka kudanganya, uongo ukakataa kutoka. Tuliumwaga kwenye mashimo ya barabara, pale chini ya sale, ili gari ya mugeni iweze kupanda.

Baba alisimama, akarudisha benchi mahali pake. Tangu siku ile, akienda misa, anapita ndani ya mashamba ya batu, kwenye matope, na macho yale mabovu, ili asikanyage ile barabara. Miye, nikitoka Butembo kumuangalia, pikipiki inapita juu yake. Njia ingine hakuna. Tukifika pale namuomba tu mwenye kuendesha aende polepole.